George Gamow: mtu wa mizaha aliyefungua siri ya urani

Kule Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika jimbo la Haut-Katanga, udongo unaficha mawe ya urani. Kwa macho ni mawe tu, mazito kidogo kupita mengine. Lakini ndani yake kuna vipande vidogo sana ambavyo vinatoroka usiku na mchana, bila moto, bila nyundo, bila mtu kuvigusa. Tangu mwaka wa 1896 wataalamu wa Ulaya walijua kwamba urani inafanya hivyo. Kwa miaka zaidi ya 30 hakuna aliyeweza kueleza ni kwa nini.

Mmoja wa wale walioeleza alikuwa kijana wa miaka 24, mrefu, mwenye nywele za rangi ya majani makavu, aliyekosea maandishi ya lugha zote alizoandika, na aliyependa mizaha kupita kitu chote. Jina lake ni George Gamow. Wengi hapa kwetu hawajawahi kulisikia. Lakini maisha yake yaligusana na mawe ya Katanga, na mizaha yake ilimpatia marafiki, ilimwingiza katika hatari, na mara moja ilimuumiza mtu ambaye hakuwa na kosa lolote.

Mtoto wa Odessa

Gamow alizaliwa tarehe 4 Machi 1904 katika mji wa Odessa, kwenye Bahari Nyeusi, wakati ule chini ya mfalme wa Urusi. Papa yake alikuwa mwalimu wa lugha na fasihi kwenye shule ya sekondari. Mama yake pia alifundisha, lakini alikufa wakati mtoto alikuwa na miaka 9 tu. Kisha vikaja vita, mapinduzi na njaa. Kijana huyu alijifunza hesabu katika mji ambamo mara nyingi madirisha yalivunjika kwa mabomu.

Siku moja papa yake alimnunulia darubini ndogo ya kuangalia vitu vidogo. Gamow mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alitoka kanisani na kipande cha mkate wa komunyo mdomoni, akakimbia nyumbani, akakiweka chini ya darubini pembeni ya mkate wa kawaida. Alitaka kuona kama kuna tofauti. Hakuiona. Alisema kwamba siku ile ndiyo iliyomfanya kuwa mtu wa sayansi. Mapadri wangemwambia kwamba jambo la imani halipimwi kwa kioo, na huenda wangekuwa na haki. Lakini tabia ile ya mtoto, ya kutaka kuona kwa macho yake na kucheza na jambo ambalo wengine wanaogopa kugusa, ilibaki naye mpaka kufa.

Mwaka wa 1923 alikwenda kusoma Petrograd, mji ambao mwaka uliofuata uliitwa Leningrad. Huko alipata marafiki wa rika lake: Lev Landau, Dmitri Ivanenko, na kisha Matvei Bronstein. Walisoma pamoja, walitunga mashairi ya kuwacheka waalimu, walibishana mpaka usiku. Wakati ule fizikia mpya ya kwanta ilikuwa inazaliwa Ulaya, na vijana hawa waliikamata kama watu wa leo wanavyokamata wimbo mupya.

Mpira unaopita ndani ya kilima

Kwanta ni nini? Ni fizikia ya vitu vidogo kabisa, vya ndani ya atomu. Huko chini, mambo hayafuati desturi tunayoijua. Chukua mpira, uuweke katika bonde, kati ya vilima viwili kama vile vya Bukavu. Upige kidogo. Utapanda mteremko nusu, kisha utarudi. Kama hauna nguvu ya kufika kileleni, utabaki bondeni siku zote. Hiyo ni sheria ya mipira.

Ndani ya kiini cha atomu ya urani kuna vipande vilivyofungwa namna hiyo. Nguvu inavizunguka kama ukuta. Kwa hesabu za zamani, kipande kinachoitwa alfa hakina nguvu ya kupanda ukuta ule. Kumbe kinatoka! Wataalamu walikuna vichwa.

Katika majira ya joto ya mwaka wa 1928, Gamow alifika kwenye mji wa Göttingen, Ujerumani. Wengine wote walikuwa wanashughulika na upande wa inje wa atomu. Yeye hakupenda pahali pa msongamano, akachagua kiini. Akaona kwamba katika kwanta, kipande hakiko kama mpira mgumu wenye pahali pamoja. Kiko pia kama wimbi, na wimbi linaweza kuingia kidogo ndani ya ukuta na kutokea upande wa pili. Ni sawa na mpira ambao, mara moja kati ya mara nyingi mno, unapita ndani ya kilima bila kukipanda na bila kuacha shimo.

Kipande cha alfa kinagonga ukuta wake mara mabilioni ya mabilioni kwa kila sekunde, na karibu kila mara kinarudishwa. Kama ukuta ni mnene, kitangoja muda mrefu. Ndiyo maana urani ya kawaida inahitaji miaka kama bilioni 4 na nusu ili nusu yake ibadilike. Kama ukuta ni mwembamba, kitu kingine kinaisha kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Hesabu moja ilieleza yote mawili. Mwaka uleule Ronald Gurney na Edward Condon, kule Marekani, walifikia jibu hilo peke yao, na haki ni kuwataja pamoja naye.

Wakati Gamow anaandika hesabu hizo, mawe ya Shinkolobwe yalikuwa tayari yanasafirishwa mpaka Ubelgiji, ambako kiwanda kilitoa radiamu ndani yake na kuiuza kwa bei kali. Wachimbaji wa Kikongo hawakuelezwa kitu. Vipande vya alfa havipiti hata karatasi, na ngozi inavizuia. Lakini vumbi la mawe yale likivutwa mpaka kwenye mapafu, ama likimezwa, vinapiga mwili kutoka ndani.

Kwa mzee Bohr

Kutoka Göttingen, Gamow alipita Copenhagen, mji mkuu wa Denmark. Feza ilikuwa karibu kumwishia. Alikwenda kusalimia Niels Bohr, mkubwa wa fizikia ya kwanta. Bohr alisikia habari ya urani, akamtafutia posho ya mwaka mzima palepale.

Kwa Bohr, watu walifanya kazi ngumu na walicheka sana. Mzee huyo alipenda filamu za wapiganaji wa farasi na bastola, zile za Marekani. Alijiuliza kwa nini siku zote mtu mwema anashinda, hata kama mtu mbaya ndiye anayetangulia kutoa bastola. Akaja na maelezo: mtu mbaya anapaswa kwanza kuamua, na kuamua kunamchelewesha, mtu mwema anajibu tu bila kufikiri. Gamow hakuridhika na maneno. Alikwenda dukani, akanunua bastola za watoto, na wanafunzi wakamvizia mzee. Kila walipomshambulia, Bohr aliwapiga wote.

Kuna pia habari ya Wolfgang Pauli, mtaalamu mkali ambaye rafiki zake walisema kwamba akiingia tu katika mji, vyombo vya maabara vinavunjika. Gamow alipenda kuisimulia, kama vile watu wa kwetu wanavyomsimulia mjomba ambaye akipanda gari, lazima gurudumu lipasuke. Pauli mwenyewe alifurahia sifa hiyo.

Mizaha ile haikuwa ya kupoteza wakati tu. Kwanta ilisema mambo ambayo akili inakataa: kipande kiko pahali pawili, kitu kinapita ukutani. Aliyeogopa kuonekana mjinga hangeweza kuifanyia kazi. Na kijana wa miaka 24 aliyeruhusiwa kumcheka mzee Bohr, aliruhusiwa pia kumwambia kwamba hesabu yake ina kosa.

Mwaka wa 1929 Gamow alikwenda Cambridge, Uingereza, kwa Ernest Rutherford. Huko hesabu yake iligeuzwa upande wa pili: kama kipande kinaweza kutoka ndani ya kiini bila kupanda ukuta, basi kingine kinaweza kuingia kutoka inje. John Cockcroft na Ernest Walton waliifuata, wakatengeneza mashine, na mwaka wa 1932 wakapasua kiini cha atomu kwa mashine yao, mara ya kwanza. Walipewa tuzo ya Nobel mwaka wa 1951.

Mzaha unapokuwa hatari

Mwaka wa 1931 Gamow alirudi Leningrad. Alikuta inchi imebadilika. Stalin alikuwa ameshika kila kitu, na wakubwa wa chama walitaka kusema fizikia ipi ni nzuri na ipi ni ya mabepari. Gamow alialikwa Roma kwenye mkutano wa wataalamu, pasiporti ilikataliwa. Alitoa mafundisho mbele ya watu juu ya kwanta, na kiongozi mmoja wa chama akamkata maneno na kuwatuma watu nyumbani. Wiki iliyofuata, chuo kilimkataza kusema tena jambo hilo mbele ya watu.

Katika siku hizo Gamow, Landau, Bronstein na wengine walisoma ndani ya buku kubwa la serikali makala ya Boris Hessen, aliyetetea fikra moja ya zamani juu ya mwanga. Wakafanya kama Copenhagen: wakamtumia telegramu ya kumcheka, yenye mchoro. Lakini hapo hapakuwa Copenhagen. Iliitishwa mikutano ya kuwahukumu, na Landau na Bronstein wakazuiwa kufundisha kwa muda.

Telegramu siyo iliyowaua watu. Lakini miaka ya mbele ilionyesha walikuwa wanaishi katika nyumba gani. Ivanenko alikamatwa mwaka wa 1935. Hessen, yule aliyechekwa, alipigwa risasi mwaka wa 1936. Bronstein alipigwa risasi Februari 1938. Alikuwa na miaka 31. Landau alikaa gerezani mwaka mzima. Aliyecheka na aliyechekwa walipita njia moja.

Gamow hakungoja. Mwaka wa 1931 alikuwa amemwoa Lyubov Vokhminzeva, naye pia mtu wa fizikia. Mwaka wa 1932 wote wawili walikwenda kwenye pwani ya Krimea na mtumbwi mdogo wa kukunja. Waliweka mayai, chokoleti na chupa mbili za pombe kali. Walitaka kuvuka Bahari Nyeusi kwa kasia mpaka Uturuki, kilometa zaidi ya 250. Kutoka Goma mpaka Bukavu kwa ziwa ni kama kilometa 100, na wale wanaolijua Ziwa Kivu wakati wa upepo wanaweza kupima wazimu wa safari ile. Gamow alikuwa na mpango wa kuonyesha Waturuki kibali chake cha zamani cha pikipiki kutoka Denmark, kujiita Mdenmark, na kumpigia Bohr simu.

Siku ya kwanza bahari ilikuwa tulivu. Kisha upepo ukaamka, maji yakaingia, na wakapigania uhai wao mpaka mawimbi yakawarudisha pwani ya Urusi. Waliowaokota waliambiwa kwamba walikuwa wanajaribu mtumbwi tu. Baadaye walijaribu njia ya kaskazini, kutoka Murmansk kwenda Norway. Nayo ikakataa.

Mlango ulifunguka kwa njia ambayo hakuitegemea. Mwaka wa 1933 alialikwa kwenye mkutano wa Solvay, Bruxelles, katika inchi iliyokuwa inatawala Kongo. Alipewa ruhusa ya kwenda. Lakini peke yake asingekwenda: bibi yake angebaki mikononi mwa serikali. Alipanda ngazi mpaka kwa Molotov, mkubwa wa serikali, akaomba pasiporti ya pili, kwamba bibi ni karani wake. Alikataliwa, akarudia, akashikilia kwamba bila yeye hasafiri. Mwishoni pasiporti mbili zikatoka. Walifika Bruxelles Oktoba 1933, na hawakurudi tena.

Bwana Tompkins

Mwaka wa 1934 walifika Marekani. Gamow alipata kazi katika chuo kikuu cha George Washington, katika mji mkuu. Akiwa huko alianza kuandika hadithi juu ya karani wa benki, Bwana Tompkins, mtu wa kawaida ambaye anakwenda kusikiliza mafundisho ya profesa, anasinzia, na anaota. Katika ndoto moja, anakuta mji ambamo mwanga unakwenda pole kama baiskeli, na kila anayepita kwa haraka anaonekana amekuwa mwembamba. Katika nyingine yuko porini, juu ya tembo, na kwanta imekuwa kubwa: chui milia mmoja anawashambulia kutoka pande zote kwa mara moja, na haisaidii kulenga bunduki pahali pamoja. Hata herufi za mbele za jina la Tompkins, C, G na H, ni alama za namba tatu kubwa za fizikia.

Magazeti ya Marekani yalikataa. Gazeti moja la Uingereza lilikubali mwaka wa 1938, na hadithi zikawa buku. Zimesomwa katika lugha nyingi, na zinasomwa mpaka leo. Mwaka wa 1956 UNESCO ilimpa tuzo ya Kalinga, ya wale wanaowaelezea raia sayansi.

Wakati huohuo, mawe ya Shinkolobwe yalikuwa yamefika Marekani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka wa 1945 ilitoka Katanga. Gamow, aliyeeleza kabla ya wengi namna urani inavyojibadilisha, hakuitwa kwenye kazi ile ya siri. Alikuwa ametoka Urusi, na aliwahi kuwafundisha maofisa wa jeshi lake. Wakati wa vita alifanya kazi kwa jeshi la majini, juu ya mabomu ya kawaida. Kisha vita, alishiriki katika kazi ya bomu la haidrojeni. Hapo mizaha haikuwa na nafasi.

Alfa, beta, gama

Mwaka wa 1948 Gamow alikuwa na mwanafunzi, Ralph Alpher, aliyefanya kazi mchana na kusoma usiku. Pamoja walihesabu namna ulimwengu ulivyoanza: joto kali, msongamano mkubwa, kisha kutanuka, na ndani ya dakika chache vitu vya kwanza vikajengeka. Hesabu nzito ilifanywa na Alpher. Ilikuwa kazi ya kumpa cheo chake cha udaktari.

Wakati wa kutangaza, Gamow aliona jambo moja. Alpher na Gamow ni kama alfa na gama, herufi ya kwanza na ya tatu ya Kigiriki. Inakosekana beta. Basi akaongeza jina la rafiki yake Hans Bethe, mtaalamu mashuhuri, ambaye hakufanya chochote katika kazi ile. Bethe alikubali. Makala ilitoka tarehe 1 Aprili, siku ya kudanganyana kwa mchezo. Watu wa fizikia walicheka dunia nzima.

Alpher hakucheka. Alikuwa kijana asiyejulikana kati ya majina mawili makubwa. Aliogopa kwamba kila msomaji angefikiri kazi ni ya wazee, na mwanafunzi alibeba tu karatasi. Ikawa vile. Mwaka uleule, yeye na mwenzake Robert Herman waliandika kwamba joto la mwanzo wa ulimwengu lazima bado liko angani, limepoa sana, digrii kama 5 juu ya baridi ya mwisho kabisa. Hakuna aliyelitafuta. Mwaka wa 1965 Arno Penzias na Robert Wilson walilipata bila kulitafuta, digrii kama 3, na mwaka wa 1978 wakapewa Nobel. Alpher na Herman hawakupewa. Uchungu huo Alpher aliubeba maisha yote. Medali kubwa ya sayansi ya Marekani alipewa Julai 2007. Wiki chache baadaye akafa.

Gamow hakuwa mtu wa roho mbaya. Katika Copenhagen, mdogo alimcheka mkubwa na hakuna aliyepoteza kitu. Mwaka wa 1948 yeye ndiye alikuwa mkubwa, na mzaha ulilipwa na mdogo.

Katika makala ile kulikuwa pia kosa. Gamow alifikiri kwamba vitu vyote vilijengwa katika zile dakika za mwanzo. Ni vyepesi tu, haidrojeni na heli. Vizito, kama shaba na kobalti ya Katanga, vilipikwa ndani ya nyota, kama Fred Hoyle na wenzake walivyoonyesha. Gamow aliposhindwa, alitunga mzaha wa kujicheka mwenyewe: kisa kinachofanana na kitabu cha Mwanzo, ambamo Mungu anahesabu, anasahau namba tano, na inabidi amwite Hoyle kutengeneza vingine.

Miaka ya mwisho

Hata uzeeni aliingia pahali ambapo hakualikwa. Mwaka wa 1953, baada ya Watson na Crick kuonyesha umbo la ADN, aliwaandikia barua, kisha akapendekeza kwamba herufi zake nne, zikisomwa tatu tatu, zinaweza kuandika vitu 20 vinavyojenga mwili. Namna aliyopendekeza haikuwa ya kweli, lakini swali lilikuwa sawasawa. Akaanzisha kundi la watu 20, kila mmoja na tai yake shingoni.

Mwaka wa 1956 aliachana na bibi yake, akahamia chuo kikuu cha Colorado, katika mji wa Boulder, na akaoa tena. Pombe, ambayo alikunywa miaka mingi, iliharibu ini lake. Alikufa tarehe 19 Agosti 1968, akiwa na miaka 64. Tuzo ya Nobel hakuipata.

Akademia ya Sayansi ya Urusi ilikuwa imemfuta katika orodha yake mwaka wa 1938, mwaka uleule Bronstein alipouawa. Ilimrudisha mwaka wa 1990. Alikuwa amekwisha kufa miaka 22.